Nyumba Isiyolaza Bakuli

Habari hii nilipewa na mshonaji mwenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, mwaka jana, mvua za mwisho zikiwa zinakatika. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa na maneno. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Nimepunguza tu pale alipoyarudia.

Mshonaji huyu anashona sare za shule. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Meza ya kukatia vitambaa iko katikati. Ukiingia kwake unapita ubavu, la sivyo unaangusha kitu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza mageti na madirisha kwenye karakana iliyo barabarani. Watoto wao wameshaoa na kuolewa, wako mbali. Nyumbani wamebaki wao wawili na baba wa mume.

Mzee huyo alikuwa dereva wa lori. Mtaani wanamwita Mzee Breki, kwa sababu zamani hakukubali gari liondoke, liwe lake au la mwenzake, kabla hajauliza habari za breki. Sasa amekuwa msahaulifu. Si ule usahaulifu wa kutafuta miwani uliyoivaa. Anaamka alfajiri, anavaa koti, anasema amechelewa kazini. Lori lenyewe liliuzwa miaka mingi iliyopita. Akikuta geti liko wazi, anaondoka, na akishaondoka hajui pa kurudi.

Kwa hiyo geti lilifungwa. Mume alilichomelea bati kutoka juu hadi chini, ili watu wasimwone mzee akihangaika uani. Majirani walidhani ni maringo. "Mafundi hawa bwana," walisema, "akikosa wa kumfungia geti, anajifungia mwenyewe."

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja. Aliyeiweka ni mama mkwe wa mshonaji, marehemu sasa. Chombo cha jirani hakilali kwao. Ukiletewa maharage kwenye bakuli, unayahamisha maharage, unaosha bakuli, unalijaza kitu kizuri kuliko kile kilicholetwa, unalirudisha kabla giza halijaingia. Mshonaji alifunzwa hivyo siku za mwanzo za ndoa yake. Akalishika jambo hilo kama sala.

Kuomba, hakuomba kabisa. Chumvi ikiisha usiku, alipika bila chumvi. Mumewe alionja na kusema, "Leo umenipikia kama mgonjwa wa presha." Lakini alikula. Naye alilelewa na mama yule yule.

Kutoa, alitoa. Mtoto wa jirani akichana kaptura, alishonewa bure. Kukiwa na msiba, mshonaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika jikoni na wa mwisho kuondoka. Mtaa mzima ulimsifu.

Kisha akaanza kuumwa. Kila mwezi alitokwa na damu nyingi, na siku zake hazikuisha upesi. Akisimama ghafla aliona giza. Akipanda ngazi alihema. Alipokwenda hospitali, daktari alimpima na kumwambia ana uvimbe kwenye kizazi. Hakuona dalili ya kuwa ni uvimbe mbaya, lakini ulikuwa unammalizia damu. Akapangiwa siku ya kupasuliwa.

Hakwenda. Akapangiwa siku nyingine. Hakwenda tena. Alipokwenda kuchukua vidonge vya kuongeza damu, daktari alimwambia wazi. "Mama, damu yako inashuka. Sasa hivi tunaweza kukupasua kwa mpango. Ukingoja mpaka uanguke, tutakupasua kwa haraka, na hiyo ni hatari zaidi."

Alasiri moja mhudumu wa afya wa mtaa alibisha hodi getini. Ni binti mrefu, mwenye viatu vya raba na begi la mgongoni. Mume alikuwa amerudi kula.

"Mama, nimetumwa kukuuliza kwa nini hukwenda hospitali."

"Nilikuwa na sare za watu," alisema mshonaji.

"Na mara ya pili?"

"Nazo zilikuwa sare."

Mume aliacha kutafuna. "Mwambie mtoto wa watu ukweli."

Mshonaji aliendelea kukunja sare. Mume ndiye aliyesema. Mkewe akipasuliwa, atalala hospitali siku kadhaa. Akirudi hataruhusiwa kunyanyua kitu kizito kwa wiki nyingi. Nani atakaa na mzee mchana? Karakana hawezi kumpeleka. Kuna cheche, na mzee hukodolea macho ule mwanga wa kuchomelea, ambao huunguza macho ya mtu.

"Na majirani?" aliuliza mhudumu.

"Majirani wapo," alisema mshonaji. "Tunaelewana sana. Sijawahi kugombana na mtu."

"Hilo nimelisikia mtaa mzima. Basi tupime."

"Tupime nini, mwanangu?"

"Uhusiano wako na majirani. Tujue kama una nguvu za kukubeba, au ni wa salamu tu."

Mume akacheka. "Huo unapimwa kwa futi au kwa kilo?"

"Kwa maswali, baba. Na chaki. Chaki ninaiona pale."

Alichukua chaki ya kushonea, akachora duara katikati ya meza ya kukatia. "Hii nyumba yenu." Akachora maduara mengine kuizunguka. "Hii ya Mama Pacha, mnatenganishwa na ukuta tu. Hii ya Soli, fundi viatu, mkabala na geti. Hii ya kona. Na hizi za nyuma. Sasa mama, nijibu. Usipoonekana kutoka asubuhi hadi jioni, nani atakuja kuuliza?"

Mshonaji alifikiri. "Wenye sare."

"Hao wanaulizia sare. Nani atakuulizia wewe?"

Mshonaji aliyatazama maduara.

"Nani anaingia jikoni kwako bila kungoja umkaribishe?"

"Aingie kutafuta nini?"

"Haya. Mama Pacha alikuomba kitu lini mara ya mwisho?"

"Juzi tu. Nimewapunguzia pacha wake sketi."

Mhudumu alichora mstari wenye mshale, kutoka nyumba ya mshonaji kwenda kwa Mama Pacha. "Na wewe ulimwomba nini yeye?"

Mshonaji alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sahani.

"Sijawahi kumwomba."

"Soli je?"

"Alipoumia mguu nilimpelekea chakula mpaka akapona."

Mshale mwingine ukaenda nje. "Wewe ulimwomba nini?"

"Viatu vyetu anashona yeye. Tunamlipa."

"Hiyo ni biashara, haimo humu."

Wakazimaliza nyumba zote. Mishale yote ilitoka katikati kwenda nje. Hakukuwa na hata mmoja ulioingia. Meza ilikuwa kama jua lililochorwa na mtoto.

"Si ndiyo vizuri?" alisema mshonaji. Sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Kila mtu nimemfaa. Hakuna anayenidai."

"Ni vizuri," alisema mhudumu. "Hakuna anayekukataza wema. Lakini wengi tunapima vibaya. Tunatazama salamu. Tunatazama watu waliojaa kwenye sherehe. Tunatazama wema tulioutoa sisi. Vyote hivyo havituambii nani atakuja siku ya shida. Atakayekuja ni yule aliyezoea kuja. Mtu anayepokea tu kwako anajiona mdogo. Akisikia unaumwa, atajiuliza, nimpelekee nini yule mwenye kila kitu? Atangoja mwingine aende. Na huyo mwingine naye anangoja."

"Nikiomba watasema nimeishiwa."

"Wapo watakaosema. Wewe anza na kitu kidogo unachokihitaji kweli. Kisha tazama. Amekupa bila kununa? Naye amerudi kukuomba chake? Mstari wenye mshale pande mbili ndio unaobeba mzigo. Lakini usiungoje usiku wa kuamkia operesheni ndipo uujaribu."

Alifunga begi lake, kisha akaongeza neno. "Na mzee msimfiche. Jirani asiyejua ugonjwa wake akimkuta barabarani atamwamkia, amwache aende zake."

Alipoondoka, mume aliitazama meza. "Tufute?"

"Acha," alisema mshonaji. "Mpaka nikate kitambaa."

Kesho yake mshonaji alikwenda kwa Mama Pacha, akaomba beseni. Mabeseni alikuwa nayo mawili, yote mazima. Lakini alishindwa kufikiria kitu asicho nacho. Mama Pacha alimpa, akamtazama mpaka alipoingia getini kwake.

Jua halijazama, beseni likarudi. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya unga na sukari juu yake.

Mama Pacha alisimama mlangoni na nguo mbichi begani. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watoto wawili kwa mpigo.

"Jirani, beseni hili ulilifanyia nini?"

"Nililowekea nguo."

"Nguo gani hizo zisizotumia maji? Ganda la sabuni yangu bado liko hapa pembeni."

Mshonaji alilitazama lile ganda.

"Ngoja leo nikwambie," alisema Mama Pacha. "Mimi na wewe tunatenganishwa na ukuta tu. Ukikohoa nakusikia. Lakini nikikuletea kitu, hakijapoa kimerudi, na kimerudi kimenenepa. Siku ile ya maharage ulinirudishia nyama. Nikamwambia mume wangu, huyu mwanamke anatufukuza kwa adabu."

"Ndivyo nilivyofunzwa."

"Aliyekufunza sina ugomvi naye. Ila mimi sina nyama ya kukujibu. Basi nikaacha kuleta."

Mshonaji aliniambia kwamba hapo miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea nyumbani kwake. Mdomo ndio uliobaki.

"Sikuhitaji beseni," alisema. "Nahitaji mtu wa kukaa na baba mchana. Natakiwa kupasuliwa."

Mama Pacha aliishusha nguo begani. "Kupasuliwa wapi?"

"Tumbo. Kizazi."

"Lini?"

"Nimeshaahirisha mara mbili. Sasa wamenipa mwisho wa mwezi."

"Na sketi za wanangu ulikuwa unazishona na tumbo hilo hilo?"

"Zilikuwa sketi ndogo."

"Ukubwa wa sketi sikukuuliza." Mama Pacha aliketi kizingitini, akampisha naye akae. "Haya, baba ana nini?"

Mshonaji akamweleza. Koti la alfajiri, lori lililouzwa, bati la getini. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe. Sisi tulisema lile geti ni la maringo."

"Lingekuwa la maringo tungelipaka rangi."

Mama Pacha alicheka mpaka pacha wakatoka kutazama. Kisha akasimama. "Unga nabaki nao, usijidanganye. Beseni nenda nalo. Likae kwako. Nikilitaka nitalifuata mwenyewe, na nikija nitaingia mpaka jikoni."

Beseni likalala kwa mshonaji. Alilitazama kama mgeni asiyeaga. Aliliosha, ingawa lilikuwa safi. Asubuhi Mama Pacha aliingia jikoni, akafunua sufuria, akaonja.

"Hiki chakula hakina chumvi."

"Imeisha."

"Na mimi niko ng'ambo ya ukuta kufanya nini?"

Akaenda, akarudi na chumvi kwenye kikombe. Akaondoka na uzi mweusi, bila kuuomba sana. Kikombe hakikurudi siku hiyo wala kesho yake.

Kwa Soli, mshonaji alikwenda na mzee mwenyewe. Soli alikuwa kwenye kibanda chake, kiatu katikati ya magoti. Ni mtu wa maneno machache yenye miiba. Mshonaji alimweleza yote, mzee akiwa anakagua kisigino cha buti.

"Shemeji," alisema Soli, "miaka yote hii mnamfungia mtu mzima kama kuku? Mwacheni akae hapa asubuhi. Nafasi ipo."

Mhudumu aliwashauri wajaribu mapema, kwa asubuhi moja tu. Ilikuwa vizuri kwamba walifanya hivyo, kwa sababu asubuhi hiyo iliharibika. Mzee aliuliza lori lake liko wapi. Soli akajibu kwa nia njema, "Mzee, lori liliuzwa zamani, umesahau." Mzee alikasirika. Aliinuka, akasema ameibiwa, akashika njia. Soli na mguu wake mbovu hakumfikia.

Mzee alifika mpaka barabarani. Pale palikuwa na muuza maji anayesukuma mkokoteni wa madumu. Mama Pacha alikuwa ameshamwambia habari za mzee, kama alivyokuwa amewaambia wengine wengi. Muuza maji akasimama mbele yake.

"Shikamoo mzee. Unakwenda na hujanikagulia breki?"

Mzee alisimama. "Marahaba. Breki ya nini?"

"Ya hii gari yangu."

Mzee aliinama, akatikisa gurudumu. "Hii haina breki kabisa. Nani alikuruhusu kuingia barabarani?" Akamgombeza njia nzima, wakisukuma pamoja, mpaka kwenye kibanda cha Soli.

Mshonaji alipopata habari alisema hatakwenda hospitali. Mhudumu alikuja jioni, akawakusanya wote watatu, mshonaji, Soli na Mama Pacha.

"Leo mmejifunza kitu," alisema. "Mtu mwenye ugonjwa huu usimwambie umesahau. Kwake si kusahau. Kwake lori lipo, na wewe unamwibia. Usibishane naye. Muulize habari za hicho anachokitafuta, na umpe kazi ya mikono."

"Nimuulize habari za lori?" alisema Soli. "Mimi hata baiskeli sijui."

"Ndiyo vizuri. Atakufundisha."

Katika jaribio la pili, mzee alipouliza lori, Soli aliuliza, "Lilikuwa la namna gani, mzee?" Akampa brashi na kiatu. Mzee alieleza mpaka chakula cha mchana, akipiga brashi kiatu kimoja. Soli alimrudisha mwenyewe.

"Shemeji, leo nimesomeshwa. Anasema soli zangu hazishiki lami."

"Pole."

"Pole ya nini? Mteja alikuwepo, akasikia, akaondoka na viatu vyake." Akageuka kuondoka. "Kesho nitamfuata saa ile ile. Na nina suruali imechanika, nitakuja nayo."

Siku chache kabla ya operesheni, mhudumu alichora tena mezani. Kwa Mama Pacha, aliyekubali kukaa na mzee mchana, mstari ulikuwa na mshale pande mbili. Kwa Soli pia, na kwa nyumba moja ya nyuma, ambako mwanamke mmoja alijitolea kumwogesha mzee kama alivyomwogesha baba yake. Nyumba ya kona walisema hawana nafasi. Mshonaji alilieleza hilo huku akiangalia pembeni.

"Nalo ni jibu," alisema mhudumu. "Tunapima ili tujue, si ili tufurahi. Ungewategemea hao, ungekwama. Uendelee kuwasalimia tu."

Alikwenda. Akapasuliwa. Uvimbe ulitolewa, na daktari alisema kazi imekwenda vizuri. Aliongezewa damu, akalala hospitali siku alizopangiwa. Mume alikuja kila jioni na kueleza habari za nyumbani. Mzee alikuwa anakula. Mzee alikuwa anamwita Soli utingo wake. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo la kawaida tu, na bati la juu mume alikuwa amelikata, ili wanaopita wamwone mzee na wamwamkie.

Siku ya kurudi, gari lilimleta mpaka mlangoni. Daktari alikuwa amemwagiza atembee polepole kila siku, asinyanyue ndoo, asiiname, na alale anaposikia usingizi. Mume alimlaza kitandani, akamfunika miguu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Chumba cha pili mzee alikuwa anakoroma. Mume aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, akiwa bado na buti.

Jikoni kulikuwa na watu. Mama Pacha na yule mwanamke wa nyumba ya nyuma walikuwa wanaosha vyombo na kupika uji.

"Mwiko uko wapi?"

"Angalia kwenye kopo."

"Wee, nyumba hii ina sufuria kuliko hoteli."

Kitu kilianguka, kikaviringika mpaka ukutani. Mshonaji aliegemea kiwiko.

"Unakwenda wapi?" mume aliuliza.

"Kuna wageni jikoni."

"Si wageni."

"Wananichanganyia vijiko."

"Waache wachanganye."

Aliniambia kwamba tangu aolewe hakuwahi kulala mchana huku mwanamke mwingine amesimama jikoni kwake. Hakujua hata mwili unakaaje. Alilala chali akitazama dari na kufuata kila mlio. Huu ni mfuniko. Hili ni kabati la juu. Hii ni droo inayogoma, wameivuta kwa nguvu. Mume alikuwa ameanza kusinzia, kidevu kifuani. Baada ya muda naye akakoroma, chini kidogo ya baba yake.

"Amelala huyo?" aliuliza yule mwanamke wa nyuma.

"Bado. Nasikia kitanda."

"Mwambie alale basi. Tunataka kumsema."

Mshonaji alicheka, akashika kidonda kwa mkono kwa sababu kiliuma. Jikoni nao walicheka. Kisha sauti zikashuka. Walianza habari ya mtu asiyemjua, na mahari, na shemeji fulani aliyekataa kuhudhuria. Alitega sikio ajue ilikuwaje. Hakufika mwisho wake. Mkono ulimteleza kutoka kwenye kidonda, akalala.